Soda ya Mansuri: Kreti Mlangoni kwa Bi Maimuna

Naapa. Naapa kwa filimbi ya reli niliyoipuliza mpaka siku nastaafu, na kwa meno yangu yaliyobaki, ambayo si mengi lakini yote ni ya kuzaliwa nayo: kila neno utakalosoma hapa limetokea, limetokea Mwembesongo, mchana kweupe, na mimi Abasi nilikuwepo. Atakayenikamata na uongo, hata wa ukubwa wa punje ya mtama, nitampelekea kreti zima la soda mpaka mlangoni kwake. Mhariri ni shahidi.

Haya. Wiki iliyopita tulimwacha Bi Maimuna ameshika nguzo ya geti la kiwanda chake, na mbele yake lori limefunikwa turubai. Yule kijana wa Kampuni, Rogers mwenye viatu vya kuchongoka, alikuwa ameshika kamba ya turubai huku anasema, "Mama, nimekuletea kitu chako."

Akaivuta.

Chupa!

Lori zima, chupa. Za glasi nzito, shingo fupi, na jina MANSURI limechomoza kwenye kioo kiasi kwamba asiyeona angelisoma kwa kidole.

"Zangu," alisema Bi Maimuna.

Msomaji aliyedandia njiani nisimwache nyuma. Marehemu Mansuri, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, ndiye aliyeanzisha soda hii. Tangawizi ya Kinole, sukari ya Turiani, maji ya mlimani. Soda yenyewe ilikuwa inauma. Mfanyabiashara mmoja wa Gairo aliinywa akapiga chafya, gunia zima la karanga zake likajimenya lenyewe. Nilikuwepo. Mansuri alipofariki, mkewe Bi Maimuna na binti yao Yasmin waliendelea na kazi.

Ndipo Kampuni ikaingia mjini. Jina silitaji, mhariri ana watoto wanasoma. Ikagawa friji za bure madukani, kwa sharti moja: friji hizo zisilaze soda ya mtu mwingine. Soda ya Mansuri ikatolewa kwenye baridi ikawekwa chini ya meza pamoja na mafagio. Watu waliendelea kuinywa hivyo hivyo, ya moto.

Kilichoiua ni chupa. Makreti yalitoka yamejaa, hayakurudi. Kiwanda kilichotengeneza chupa zile kilikufa zamani, na mashine ya Mansuri haikubali mdomo wa chupa nyingine yoyote. Bila chupa zile, hakuna soda. Kila siku Bi Maimuna alikuwa anauliza swali moja: chupa zangu zinakwenda wapi?

Sasa zilikuwa mbele yake, zinameremeta.

"Mmeziiba!" Yasmin alichomoka ndani na aproni yake ya mpira, mikono inachuruzika maji.

"Taratibu, dada yangu. Hatujaiba hata kizibo," alisema Rogers. "Tulitangaza tu. Leta chupa tupu ya glasi, yoyote ile, uondoke na soda ya baridi bure. Watu wamezileta wenyewe."

"Watu gani?"

Rogers alinyoosha kidole. Hakumnyooshea mtu. Alikizungusha polepole, kikapita mtaa mzima uliokuwa umekuja kushangaa, na kila kilipopita watu walianza kutazama kandambili zao.

"Mimi ilikuwa moja tu, nilikuwa naitilia mafuta ya taa," alisema Ernest fundi cherehani.

"Siku ile joto lilizidi," sauti nyingine ikasema kwa nyuma.

"Chupa ni mali ya kiwanda!" Yasmin alifoka. "Mama, twende polisi sasa hivi!"

"Twendeni," alisema Rogers. "Lori hili hapa, nitawapa lifti. Ila watawauliza swali moja. Rehani mlichukua?"

Yasmin akajifuta mikono kwenye aproni.

Hapo ndipo alipotushika. Kwa wauza soda wote unaowajua, kama huna chupa tupu, unaweka rehani ya pesa. Mansuri hakuwahi. Alisema kumtoza jirani rehani ya chupa ni kumwambia usoni kwamba ni mwizi. Mtu alikuja mikono mitupu, akaondoka na kreti, na chupa zilijirudia zenyewe zimeoshwa, nyingine zina asali ndani kama shukrani. Ukimuuliza kwa nini, alikuwa na jibu lake, mji mzima unalijua kwa moyo.

Kumbe na Rogers alilijua.

"Mzee mwenyewe, Mungu amrehemu, alisema chupa ni za mji," alisema kwa upole kabisa. "Sasa mama, mji umetupa sisi."

Yasmin akamtazama mama yake.

Nikamtazama Bi Maimuna. Nilitegemea kilio, nilitegemea laana, nilijiandaa hata kumdaka akianguka.

"Dereva amekula?" aliuliza.

"Nani, mama?"

"Dereva wako. Katoka Dar na jua lote hili."

Dereva akatoa kichwa dirishani. "Nimekula Chalinze, mama. Asante."

"Haya," alisema Bi Maimuna. Akatazama chini, kama mtu aliyemaliza alichokuwa nacho.

Rogers alipanda nyuma ya lori, akashuka na kreti moja. Lilikuwa kreti la Mansuri, lenye chupa za Mansuri, lakini ndani mmejaa soda ya Kampuni. Limefungwa utepe. Akaja nalo taratibu mpaka mlangoni kwa Bi Maimuna, maana nyumba yake na kiwanda ni jengo moja, akaliweka kwenye kizingiti.

Mtaa ukavuta pumzi kwa pamoja.

Msomaji wa mbali hawezi kujua, basi nikwambie. Huku kwetu mtu akitaka kuposa, kabla ya barua, kabla mshenga hajafungua mdomo, anapeleka kreti la Mansuri mlangoni kwa mwanamke, halafu anasubiri. Kreti likitoka na chupa tupu, wamekunywa, wamekubali. Likitoka limejaa, usiulize sababu, chukua kreti lako uende. Waislamu wa mjini tunafanya hivyo, na Wakatoliki wa mlimani wanafanya hivyo. Mimi kreti langu la kwanza lilirudi limejaa na chupa moja ya ziada.

"Nani kakufundisha haya?" Yasmin alimuuliza.

"Utafiti," alisema Rogers. Kisha akamgeukia Bi Maimuna. "Mama, mimi nimekuja kwa adabu zenu. Kreti likitoka tupu, tumekuwa ndugu. Chupa zinaingia ndani, Yasmin anabaki na kazi, jina la mzee linabaki kwenye kioo. Kiwanda kinakuwa cha Kampuni, basi. Likitoka limejaa, nageuza lori, na chupa zote hizi zinakwenda kusagwa. Nitakuwa pale kivulini. Sina haraka."

Kabla hajajibiwa, pikipiki ikaunguruma. Alikuwa Lukasi, mkulima wa Kinole, na gunia la tangawizi nyuma, uso umejaa vumbi la njia nzima.

"Shikamoo mama! Leo nimekuletea ile ya juu kabisa, ya kwenye ukungu. Nishushe wapi?"



"Tangawizi ya nini?" Rogers aliuliza.

"Ya soda, bosi."

"Hatutaihitaji. Ladha tunayo, inakuja kwa dumu."

Lukasi alimtazama kama mtu aliyeambiwa siku hizi mvua nayo inakuja kwa dumu. Kisha akamtazama Bi Maimuna.

"Shusha hapo hapo, Lukasi," alisema Bi Maimuna.

"Hapa juani, mama?"

"Hapo hapo."

Akashusha. Bi Maimuna akainama, akabeba kreti la Rogers, akaingia nalo. Yasmin akafuata. Na mimi nikafuata, maana mimi kwa marehemu si mgeni. Mlango ukafungwa.

Nje walisubiri. Mtu hakukohoa. Hata kunguru wa Mwembesongo, ambao hawajawahi kunyamaza tangu Mjerumani, walinyamaza.

Jua likalegea. Mlango ukafunguka!

Bi Maimuna alitoka na kreti kichwani. Limejaa! Hakuna kizibo hata kimoja kilichoguswa! Akalitua mbele ya viatu vya Rogers kwa kishindo ambacho milima ya Uluguru ilikijibu mara mbili, akasema, "Mwanangu, chupa ni za mji, lakini kinywa ni changu!" Rogers akarudi nyuma, akajikwaa kwenye gunia la Lukasi, akakaa. Dereva akawasha lori, lori likakataa. Mtaa mzima ukalipanda, chupa zikashushwa mkono kwa mkono, akina mama wakapiga vigelegele vikasikika mpaka Mzumbe, na mashine ya Mansuri, bila kuguswa na mtu, ikaanza kuzunguka yenye...

"Babu Abasi, simama hapo."

Huyo ni Yasmin. Mimi na simu hatuelewani, kwa hiyo kila wiki nasimulia, yeye anachapa, anatuma gazetini. Hajawahi kunisimamisha. Hata kwenye zile karanga za Gairo alichapa tu.

"Nimekwenda mbio?" nikamuuliza.

"Kreti halikutoka limejaa."

"Yasmin, mwanangu, msomaji kanunua gazeti lake..."

"Lilitoka tupu, Babu. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo, lakini nilikuwa natazama pembeni."

"Ulikuwa unakunywa."

Nikakohoa kidogo. Kikohozi cha kutafuta njia.

"Ulikunywa mbili," alisema Yasmin. "Ya pili nilikufungulia mimi." Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayesoma maandishi kwenye pakiti ya chumvi. "Useme ilivyokuwa, ama nichape mwenyewe."

Basi ilikuwa hivi.

Bi Maimuna aliweka kreti kwenye meza iliyo kando ya mashine, akakaa. Akatoa chupa moja, akaifuta kwa ncha ya kanga ingawa haikuwa na vumbi. Akapitisha kidole gumba juu ya jina la mumewe. Akarudia. Mimi nikasimama nikaanza hotuba.

"Shemeji, usiiguse hiyo soda. Tutaukusanya mji. Mji huu unawapenda."

"Mji uko nje, shemeji," alisema. "Uite."

Nikasogeza pazia. Nje Rogers alikuwa amefungua boksi la barafu, anawagawia waliokuwa wakisubiri. Ernest alikuwa na ya chungwa. Bibi mmoja, ambaye kreti la harusi yake lilitoka humu humu kiwandani, alikuwa anauliza kama kuna ya nanasi. Na Lukasi, kiu ya safari, alikuwa ameshainamisha chupa kichwa nyuma, macho amefumba.

Nikarudisha pazia.

"Wanasemaje?" Bi Maimuna aliuliza.

"Wanakunywa."

Akatikisa kichwa kukubali, kama nimemwambia saa ngapi.

"Yasmin, niletee opena."

"Mama."

"Ipo kwenye droo."

"Mama, tukikataa je? Tukapika juisi tu, tukauza kwa ndoo? Tukaanza upya?"

"Niletee opena, mwanangu. Nina kiu."

Hivyo tu. Watu watauliza alisema nini siku ile, atatafutiwa maneno mazito. Alisema ana kiu.

Yasmin alileta opena. Bi Maimuna akafungua, akanywa mpaka mwisho, akairudisha chupa kwenye tundu lake. Akafungua nyingine, akampa binti yake. Akafungua nyingine, akanisogezea mimi. Nikanywa. Ilikuwa tamu. Tamu tu. Niliisubiri iume, kama abiria anayesubiri treni iliyokwishafutwa, ameshika mzigo wake, anatazama reli. Haikuuma popote. Tulikunywa bila kutazamana, na zilizotushinda Yasmin alizimwaga kwenye karo. Nilikanyaga msumari wa kreti pale sakafuni, sikujua mpaka nyumbani nilipovua kiatu.

Yasmin ndiye aliyelitoa. Tupu. Hakuna aliyepiga kigelegele. Hakuna aliyezomea. Wengine hawakugeuka hata kutazama.

"Asante sana, mama," alisema Rogers. Akamshika mkono kwa mikono miwili. Halafu akampigia dereva mluzi, lori likawaka mara ya kwanza, likaanza kurudi nyuma kutoka getini. Pamoja na chupa.

"We kaka!" Yasmin alikimbia. "Umesema zinaingia ndani!"

"Zitaingia, dada. Lazima zikaoshwe kiwandani kwanza. Ni utaratibu."

Hazijarudi. Rogers naye simu yake inaita, hapokei. Kazi ya Yasmin ni kukaa kwenye jengo asiingie mtu, mpaka atakapoelekezwa. Mashine imefunikwa shuka. Wapita njia wanamwamkia Bi Maimuna, "Shikamoo," anaitikia "Marahaba," na hakuna anayesimama. Gunia la Lukasi liko pale pale liliposhushwa. Mvua imelinyeshea, na tangawizi imeanza kuchipua, vijani vinatokeza kwenye matundu ya gunia.

"Umemaliza?" Yasmin aliniuliza.

"Nimemaliza."

"Uliapa."

"Niliapa nini?"

Akanisomea kwenye simu, neno kwa neno, mpaka ile punje ya mtama. Huyu mtoto hana huruma.

"Kreti zima," alisema. "Mpaka mlangoni."

"Mlangoni kwako?"

"Mimi nakaa kwa mama. Mlango ni huo huo."

Na mimi, mtu mzima niliyekwishaona mengi, nikasema sawa. Sikuona kitu. Nawaambia kichwa changu siku hizi kimelala kama mguu uliokaliwa.

Nilitoka msikitini Ijumaa, nikapitia moja kwa moja dukani kwa Ester.

"Nipe kreti la soda ya Mansuri."

"Babu, unaishi mwaka gani?"

"Basi nipe zozote."

Ester alikuwa na za Kampuni, za plastiki. Nikamwambia zile za plastiki hazina kreti, na mimi nimeapa kreti. Akafikiri kidogo, akasimama. Alikuwa amekalia kreti la Mansuri, la zamani, limekwanguka jina. Akalipangusa kwa kiganja, akazipanga chupa za plastiki humo, zinachezacheza kwenye matundu kama meno yangu. Nikalipa. Nikajitwika.

Nilipofika kwa Ernest fundi cherehani, mashine yake ilinyamaza. Watu wakaanza kusimama mmoja mmoja vibarazani. Nikadhani wamenihurumia mzigo.

Nikajitazama. Kanzu nyeupe, imepigwa pasi. Kofia ya kufuma. Mjane mwanamume, Ijumaa mchana, kreti kichwani, nimeelekea mlango wa mjane mwanamke.

Wallahi nilikuwa nalipa uongo wangu tu.

Ningegeuka, lakini kreti lilikuwa zito na mbele palikuwa karibu kuliko nyuma. Kigelegele cha kwanza kilitokea kwenye uzio wa jirani. Cha pili kikakijibu. Vile vigelegele nilivyowadanganya navyo hapo juu, basi vilikuja, vimechelewa, na vimekosea mtu.

Nikalitua kwenye kizingiti. Bi Maimuna alitoka, akasimama. Akatazama kreti. Akatazama zile plastiki. Akatazama kanzu, kuanzia chini.

"Shemeji," alisema.

"Shemeji."

"Hili ni la kulipa uongo, au ni lile lingine?"

Mimi Abasi, ambaye tangu nijue kusema sijawahi kukosa cha kusema, nilitafuta. Nikamtafuta mtu wa gunia la karanga, hayupo. Nikautafuta mlima wa kuitikia, umenyamaza. Nyuma yake Yasmin alikuwa na simu mkononi, anachapa, hakuinua hata uso.

"Sijui," nikasema.

Bi Maimuna akanitazama kwa muda. Ni mara ya kwanza, tangu lile lori liondoke, nimemwona anatazama kitu na kukiona. Kisha akainama, akaliburuta kreti ndani, akafunga mlango.

Nimekaa hapa nje, juu ya gunia la Lukasi, na machipukizi ya tangawizi yananichoma kwa chini. Nayasikia vizuri. Mtaa mzima umekaa pamoja nami. Maneno haya nampa Yasmin kupitia dirishani.

Sasa hivi ndani droo imevutwa. Opena hukaa humo, ingawa chupa za plastiki hazihitaji opena.

Ila humo humo, Yasmin ananiambia, mna uzi, visu, na tasbihi ya marehemu.